Rafu ya Kamusi: "Bystander" Ni Nani Wodini?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu Kiingereza cha India, na tangu hapo barua hazijakatika. Zimetoka kwa Waswahili wanaofanya kazi Ghuba, wanaosoma India, wanaozunguka na meli. Kila mmoja ana yake, lakini wote wanalia na jambo lilelile: Kiingereza walichofundishwa shuleni kinawaacha njiani wanapokutana na Kiingereza cha Waasia. Safu nzima ya mwezi huu nimewaachia wao. Majina nimeyaficha yote, hata ya walioniruhusu kuyataja.

*

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni nesi, kwetu Mombasa, nafanya kazi hospitali moja ya Muscat. Zamu yangu wengi ni Wahindi wa Kerala, wengine Wafilipino. Kiingereza nimekisoma mpaka chuo na mtihani wa leseni nilipita vizuri, lakini hapa wodini nababaika. Dada mmoja wa Kerala aliniuliza, 'Where is the bystander of bed six?' Nikamjibu hakuna mtu aliyesimama pale. Siku nyingine Mfilipino akaniambia daktari wa zamu 'is high blood', nami nikamuuliza kapimwa saa ngapi. Kuna kamusi moja nikiinunua itanitoa hapa?" — Nesi, Muscat

Marahaba, mwanangu. Kamusi moja ya kukutoa hapo hakuna, na sababu yake nitakueleza. Kwanza tumalize ya wodini.

Kerala, jimbo la kusini mwa India, mgonjwa hulazwa na mtu wake. Ndugu mmoja hukaa naye mchana na usiku, anamlisha, anamgeuza, anakimbilia dawa, anasikiliza daktari kasema nini. Sisi tungesema ndiye anayemuuguza. Hospitali za kule humwita "bystander", na ni neno la kazi kabisa, mpaka kwenye kibali cha kuingilia wodini huandikwa hivyo. Uingereza neno hilohilo ni mtu aliyekuwapo tu jambo likitokea, asiyehusika. Kwa hiyo dada yule alikuwa anamtafuta mtu wa maana kuliko wote pale kitandani baada ya mgonjwa mwenyewe, pengine apate saini au aulize mgonjwa kala nini. Akikuuliza tena, mtafutie ndugu.

"High blood" kwa Mfilipino ni presha, na pia ni hasira. Daktari wako alikuwa amekasirika. Na mwenzako akisema anakwenda "CR", anakwenda chooni. Kirefu chake ni "comfort room".

Sasa kamusi. Maneno ambayo sura yake ni ngeni hayana shida kubwa. Mfilipino akikutajia "sinigang" utamuuliza ni nini, atakwambia ni mchuzi wenye ukwaju, mambo yamekwisha. Shida iko kwenye maneno yenye sura uliyoizoea. "Hotel" kwa Mhindi mara nyingi ni mahali pa kula tu, pasipo kitanda hata kimoja (hapo Mswahili anaelewa haraka kuliko Mwingereza, maana hata sisi tunakunywa chai hotelini). "Gimmick" kwa Mfilipino ni kutoka jioni na marafiki kwenda kujifurahisha. Na liko moja zito. "Salvage" kila mahali ni kuokoa kitu kisipotee, kama mali ya meli iliyozama. Ufilipino, tangu enzi za Rais Marcos na utawala wake wa kijeshi ulioanza 1972, neno hilo limebeba pia maana ya kumkamata mtu, kumuua bila kesi na kuutupa mwili. Wengi hulihusisha na "salvaje" la Kihispania, lenye maana ya ukatili na ushenzi, kwa kuwa Wahispania walikaa kule zaidi ya miaka 300. Mtu akisoma gazeti la Manila na kamusi ya London mkononi, ataelewa kuwa maiti aliokolewa.

Hii ndiyo sababu ninasisitiza, na nitasisitiza mpaka mnichoke: kamusi ya Kiingereza cha Asia hupimwa kwa maneno ya kawaida yaliyogeuka maana. Majina ya vyakula kila mchapishaji anaweza kuyajaza. Kazi ni "bystander" na "salvage".

Wafilipino walifika hapo mapema kuliko wengi. Mwaka 2000 walitoa kamusi yao ya shule za sekondari, Anvil-Macquarie, chini ya Ma. Lourdes Bautista wa Manila na Susan Butler wa kamusi ya Macquarie ya Australia. Wahariri hao hawakuanza na orodha ya vioja. Butler na wenzake walikuwa wamekusanya maandishi ya Kiingereza yaliyochapwa Asia, magazeti na riwaya, wakatafuta humo maneno ambayo kamusi zilizopo haziyajui. Ukiipata nakala ya mtumba, ichukue. Kwa Kerala sijaona kamusi ya namna hiyo ya kukuelekeza.

Lakini kazini kwako kuna jambo kubwa kuliko kamusi. Unapokabidhi zamu, tumia maneno ambayo Mmombasa, Mkerala, Mfilipino na Mwomani watayaelewa sawasawa. Sema "relative". Presha itaje kwa namba zake mbili. Neno la nyumbani kwa mtu, hata likiwa zuri namna gani, lisiingie kwenye faili la mgonjwa.

*

"Mwalimu, hujambo? Nasoma Pune, India, mwaka wa tatu. Katibu wa idara ametuandikia 'the viva is preponed' na 'kindly revert'. Profesa mwenyewe husema 'I passed out in 1994'. Rafiki yangu wa Dar anasema hiki ni Kiingereza kibovu, nikirudi nacho nitachekwa. Nakiri pia kwamba nimeanza kukizoea. Je, ni makosa?" — Mwanafunzi, Pune

Sijambo, mwanangu. Rafiki yako ana haraka.

"Prepone" ni kulileta jambo mapema zaidi, kinyume cha "postpone". Hiyo viva, yaani mtihani wa mdomo, ilikuwa Ijumaa, sasa ni Jumatano. Wahindi wanalitumia kwenye barua rasmi, magazetini na kwenye matangazo ya reli, bila kuona haya, na hawana sababu ya kuona. Watu wengi hudhani lilizaliwa India. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walipolifuatilia kwa matumizi haya ya leo wakalikuta New York, kwenye barua kwa mhariri wa New York Times ya Desemba 1913, mwandishi wake akiomba ruhusa ya kulibuni kwa ajili ya wanasheria. Wamarekani hawakulichukua. India likapata makazi. Kwangu mimi huo ni ushahidi tosha kwamba neno ni la anayelitumia, hata kama mwingine ndiye aliyelitamka kwanza.

"Pass out" kwa maana ya kuhitimu linafanana na la jeshini, lile gwaride la kumaliza mafunzo. Ukimwambia Mwingereza "I passed out in 1994" anaweza kufikiri ulizimia. "Revert" kwa maana ya kujibu barua limeenea India, Singapore na Malaysia. "Do the needful", ambalo bila shaka umeshakutana nalo, lilikuwa Kiingereza cha kawaida cha maofisini Uingereza zamani. Kwao limefifia, India limebaki hai. Vivyo hivyo "out of station", yaani yuko nje ya mji: mizizi yake ni vile vituo walivyopangiwa maofisa enzi za ukoloni.

Kuhusu makosa, swali lako ligeuze kidogo. Jiulize neno linamfikia nani. Ukimwandikia katibu wa idara Pune, andika "prepone", utaeleweka na utaonekana mtu wa pale. Ukiandika barua ya kuomba kazi Nairobi au Leeds, andika "brought forward". Mtihani wa kimataifa nao una wasahihishaji wake, wape wanachokijua.

Kisha nikupe kazi ya kufanya ukiwa hukohuko. Kusini ya Pune, jimbo hilohilo la Maharashtra, uko mji wa Kolhapur na Chuo Kikuu cha Shivaji. Hapo ndipo S. V. Shastri na wenzake walipotengeneza kopasi ya Kiingereza cha India, yaani mkusanyo wa matini uliopangwa ili uchunguzwe: matini 500, kila moja ya maneno yapatayo 2,000, jumla milioni moja, yote yamechapwa India mwaka 1978. Waliufuata mpango wa mikusanyo ya Marekani na Uingereza iliyotangulia ili vilinganishwe kimoja kwa kimoja. Kabla ya hapo mtu alisema "Wahindi husema hivi" kwa kukumbuka alichokisikia kwenye treni. Tangu hapo akitakiwa ushahidi anauonyesha. Ukipata likizo, nenda ukawaombe kuuona.

Na kama bado husomi hesabu zao haraka, kumbuka "lakh" ni laki yetu, 100,000, na "crore" ni milioni kumi. Koma zao huziweka kwingine: laki kumi na mbili na nusu huandikwa 12,50,000. Usidhani karani amekosea.

*

"Mwalimu, assalaam alaykum. Babu yangu alikuwa karani wa forodha hapa Dar es Salaam. Ndani ya sanduku lake nimekuta kitabu kinene, jalada limeachia, kimeandikwa Hobson-Jobson. Ni kamusi au hadithi? Kina thamani yoyote, au nikitoe sadaka?" — Mjukuu, Upanga

Wa alaykumu salaam. Usikitoe! Na tafadhali usikibandike gundi ya karatasi kwenye jalada; kifunge kwa kitambaa safi cha pamba mpaka umpate fundi wa vitabu.

Fungua ukurasa wa jina. Ukisoma 1886, mkononi una chapa ya kwanza. Ukisoma 1903 na jina la William Crooke, ni ya pili, iliyoongezwa na ndiyo iliyoenea zaidi. Mimi ninayo chapa ya upya tu, niliinunua kwa wauza vitabu vya mitumba Posta, na sijawahi kuiazima kwa mtu.

Ni kamusi, na ni hadithi pia. Wawili waliitunga: Henry Yule, mhandisi wa jeshi aliyetumikia Bengal, na Arthur Coke Burnell, hakimu wa upande wa Madras aliyejua Kisanskriti barabara. Walianza kuandikiana kuhusu maneno mwaka 1872. Burnell akafariki 1882 kitabu hakijatoka, Yule akakimaliza peke yake. Walichokusanya ni maneno ya Asia yaliyoingia kwenye vinywa vya Waingereza wa India, na chini ya kila kidahizo, yaani neno linaloelezwa, wakapanga nukuu kwa miaka: Mreno wa karne ya 16 kasema hivi, nahodha Mwingereza kasema vile, Ibn Battuta kabla yao aliona hivi. Kamusi kubwa ya Oxford, ambayo vipande vyake vilianza kuchapwa 1884, ilichota sana humo.

Jina la kitabu litakugusa wewe hasa kama kwenu Upanga mnasikia matembezi ya Muharram kila mwaka. Askari wa Kiingereza India waliwasikia waombolezaji wakiita "Ya Hasan! Ya Husain!" na masikio yao yakayakoroga majina hayo matukufu: Hosseen Gosseen, kisha Hossy Gossy, kisha Hossein Jossen, mwisho Hobson-Jobson, kama majina ya Waingereza wawili. Ngazi hizo zote zimeorodheshwa ndani ya kitabu. Yule alilichagua jina kwa sababu lilionyesha kwa mkupuo mmoja jinsi neno linavyobadilika likihamia kinywa kingine. Ninaelewa alichokusudia. Lakini mimi nikiwa Mwislamu niliyelelewa mtaa wenye Mashia, kila nikilisoma moyo hunisonga, kwa kuwa kilio cha watu juu ya mjukuu wa Mtume kimefanywa kibandiko cha kitabu.

Hapo ndipo ulipo pia upungufu wake wote. Sikio lililotumika ni la bwana mkubwa. Kitabu kinakwambia Mwingereza alimwitaje dobi, alikulaje mchuzi, alitajaje hesabu ya laki. Mhindi aliyekuwa anaandika Kiingereza ofisini, kama babu yako forodhani, hakusikilizwa. Kiingereza chake kilipewa jina la kejeli, "Baboo English", na watu wakakichekea kwenye magazeti ya London. Ilichukua muda mrefu sana hadi kile Kiingereza cha Wahindi wenyewe kuandikiwa kitabu kwa heshima. Mmoja wa mapema ni ule mwongozo wa 1979 wa Paroo Nihalani, R. K. Tongue na Priya Hosali, unaoweka matumizi ya India kando ya yale ya Uingereza.

Ukishaupata muda, tafuta humo "godown". Utaona wanavyolifuata mpaka Kimalei na lugha za kusini mwa India, wakipitia kwa Wareno. Babu yako alilitamka neno hilo kila siku ya kazi. Magodauni ya Dar yapo mpaka leo na bado tunayaita hivyo.

*

"Mwalimu, mimi ni baharia, kwetu Unguja. Meli yetu hufika sana Singapore. Wakala wa bandari aliniambia, 'Can, can. Later I send you to the jetty lah.' Nikakaa nangoja nitumiwe kwa nani. Hiki ni Kiingereza gani?" — Baharia

Ni Kiingereza cha Singapore, na alikuahidi kukupeleka mwenyewe kwa gari. "Send" kwao ni kumpeleka mtu mahali, kwa sababu Kimalei "hantar" hubeba kutuma na kupeleka pamoja. "Can" peke yake ni ndiyo, inawezekana. "Lah" ni ya kutia msisitizo na ukaribu; akikuwekea "lah" ameshakuona wa kwao. Sisi tuna "bwana" na "basi", na hakuna kamusi iliyowahi kuyamaliza, sembuse "lah".

Serikali yao haikipendi Kiingereza hiki sana. Mwaka 2000 ilianzisha kampeni ya kuhimiza Kiingereza kizuri, na mwaka 2002 vijana waliotoka upande wa pili wakachapa kamusi ya Singlish, yaani hicho Kiingereza cha Singapore, iitwayo Coxford, iliyojaa vichekesho lakini yenye maneno ya kweli. Kabla ya wote hao, 1997, kamusi ya Times-Chambers ilikuwa imeshaingiza maneno ya Singapore na Malaysia kwa alama yake maalumu, ili mwanafunzi ajue hili ni la hapa, lile la kote. Mimi nazipenda kamusi za namna ya hiyo Times-Chambers. Hazikemei na hazichekeshi, zinamwambia msomaji yuko wapi.

Utakaposhuka tena, angalia majengo yao ya ghorofa ya serikali, wanakoishi zaidi ya robo tatu ya wananchi. Chini kabisa kuna uwazi usio na nyumba, panapofanyika harusi na matanga: "void deck". Kitu kinachorushwa dirishani toka ghorofa ya juu kinachoweza kumuua aliye chini ni "killer litter". Maneno yote ni ya Kiingereza, na Mwingereza hakuwahi kuyahitaji. Yameingia Oxford mwaka 2016. Lile la "kiasu", la Kihokkien, lugha mojawapo ya Wachina, la mtu anayeogopa kupitwa hata na foleni, liliwatangulia mwaka 2007.

*

"Mwalimu, kwa nini Oxford ndio waamue neno la Mhindi au Mkorea ni Kiingereza au si Kiingereza? Nani kawapa?" — Mzee wa Tanga

Shikamoo, mzee wangu. Hawaamui, ingawa magazeti huandika kana kwamba wametoa hati. Wanachofanya ni kutafuta ushahidi wa neno kutumika na watu wengi, kwa miaka, kwenye maandishi mbalimbali, bila mwandishi kulieleza kila mara. Likitimiza hayo wanaliandika. Mwaka 2015 waliandika mengi ya Ufilipino, 2017 yapatayo 70 ya India, na anayesimamia upande huo wa Kiingereza cha dunia, Danica Salazar, ni Mfilipino. Hilo lina uzito, maana anayesikiliza ndiye anayejua neno gani si geni kwa wenyewe.

Hata hivyo kero yako ninaishiriki. Braj Kachru, msomi wa Kashmir aliyefundisha Illinois, mwaka 1985 alichora duara tatu za Kiingereza duniani. India, Singapore na Ufilipino aliziweka duara la pili, na humohumo zimo Kenya na Tanzania. Alichodai ni kwamba watu wa duara hilo wana kanuni zao na hawahitaji kibali kutoka la kwanza. Basi mwenye kanuni zake na awe na kamusi yake, iliyochapwa kwake, shuleni kwake. Wafilipino wamejaribu. Oxford watachukua maneno yaliyovuma, lakini "bystander" wa Kerala atahitaji Mkerala wa kumwandika.

Na sisi je? Mkusanyo wa kimataifa wa Kiingereza ulioitwa ICE, ulioanzishwa na msomi Sidney Greenbaum, uliipangia kila nchi maneno milioni moja kwa mpango uleule, mazungumzo mengi kuliko maandishi. India, Singapore, Hong Kong na Ufilipino wamo. Afrika Mashariki nayo imo, Kenya na Tanzania, ilikusanywa miaka ya 1990 na kundi la Josef Schmied wa Ujerumani. Ushahidi wetu kwa hiyo ulishakusanywa. Mwaka 2022 Oxford waliingiza "chips mayai" na "panya route". Ya Tanga bado yanangoja Watanga.

*

"Mwalimu, niko kidato cha tatu Nakuru. Niliandika kwenye insha 'Fighting!' kumtia moyo dada yangu kabla ya mtihani, kama kwenye tamthilia za Kikorea. Mwalimu akakata kwa kalamu nyekundu. Lakini liko kwenye kamusi!" — Shabiki

Liko kweli. Liliingia Oxford mwaka 2021 pamoja na mengine ya Kikorea, jumla 26, likiwemo "mukbang", ile video ya mtu anayekula mbele ya kamera. Ila kamusi hiyo imeandika pia kwamba hutumika hasa Korea na kwenye mambo ya Kikorea, na mwalimu wako hayumo humo. Ulitakiwa umwekee msomaji wako dalili: mfanye dada mwenyewe awe mpenzi wa tamthilia hizo, kisha umtamkie. Alama zako hazitarudi, mwanangu. Soma maelezo yaliyo pembeni ya neno, si neno tu.

*

"Mwalimu, mimi ni mlinzi Doha. Chumbani tuko Mkenya, Mnepali, Msri Lanka na Mfilipino, na tunazungumza Kiingereza. Kila siku nasikia jipya. Ningependa kuyakusanya kama unavyofanya wewe, ila sina shahada. Nianze vipi?" — Mlinzi, Doha

Shahada haihitajiki kuanza. Kamusi ya Oxford ilijengwa kwa karatasi ndogondogo walizotuma watu wa kawaida, wengine hawakuwahi kukanyaga chuo.

Chukua kadi au daftari lenye kurasa za kukatika, neno moja kwa kadi. Andika sentensi nzima jinsi ilivyosemwa, kabla hujalala, kwa sababu kesho utaikumbuka kwa Kiingereza chako. Neno peke yake halina kazi. "High blood" bila sentensi hakuna atakayejua ni presha au hasira. Chini yake weka tarehe, mahali, na msemaji ni wa nchi gani, jimbo gani, lugha ya mama ipi. Jina lake usiandike. Maana iandike mwisho, baada ya kumuuliza yeye, na umuulize pia: nyumbani kwenu kila mtu husema hivi, au ni wewe na rafiki zako? Jibu la swali hilo ndilo linalotenganisha neno la watu na utani wa chumba.

Kisha subiri. Neno ulilolisikia mara moja kwa mtu mmoja liache kwenye kadi. Likija tena kwa mtu mwingine wa nchi ileile asiyemjua wa kwanza, ongeza kadi ya pili. Likija kwa Mnepali na Mkenya wote wawili, hapo huenda una jambo kubwa zaidi: neno la Doha lenyewe, lililozaliwa kati ya watu wa mabara mawili kwenye vyumba vya wafanyakazi, na sijui mtu aliyekaa akaliandika.

Waambie wenzako unachofanya, na asiyetaka usimwandike. Ya kazini yanayohusu siri za mwajiri yaache nje. Maneno ya vyakula usiyahangaikie mwanzoni. Wasikilize wanapozungumza juu ya zamu, mshahara, ugonjwa na simu za nyumbani. Kadi zikishakuwa nyingi kiasi cha kukusumbua kuzipanga, zipige picha unitumie kupitia jarida, nitakujibu moja moja.